Lindo Namba Nne

Siku ya kwanza Sajini Kerttu Palojoki
alitupanga kwenye theluji, tukazipa ndege mgongo.
"Mmeziona? Basi, inatosha.
Kuanzia leo nyie hamna ndege.
Mna mtaro, mna uzio, mna msitu,
na kila kijacho kwa miguu."

Tukacheka kwa shida, midomo imekufa ganzi:
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
kope zikigandana kila tukipepesa.

Alitufundisha kulala kifudifudi
hadi tumbo lizijue kokoto zilizo chini ya barafu.
Alitufundisha kuuliza, "Simama! Nani wewe?"
mara ya kwanza kwa mdomo,
ya pili kwa mtutu,
ya tatu...
hapo alinyamaza, akazitazama glavu zake.

Wiki ile Iiro alimkamata sungura mara mbili.
King'ora kililia, waya ukatikisika, akakimbia na tochi,
na sungura yule yule ameketi, masikio juu,
kama raia aliyesahau kitambulisho nyumbani.

Ikaja wiki ya zoezi.
Adui wetu walikuwa askari wa akiba wanane,
utepe mwekundu mkononi, risasi baridi.
Mmoja wao, Taavetti Ruokamo, fundi bomba,
miaka hamsini na minane,
goti lake likilia kama bawaba kila akiinama.
Huyo tulimcheka waziwazi.

Mimi nilishika lindo namba nne, toka saa sita usiku.
Halla, mbwa wa zamu, alijikunja miguuni pangu.
Saa nane ndege mbili zikarudi,
taa kwanza, kisha ngurumo iliyonipanda magotini,
na mimi nikageuka.
Nitakudanganya nini? Niligeuka, nikatazama juu
hadi gurudumu la mwisho lilipogusa lami.
Halla alitikisa mkia, mara moja tu.
Nikadhani ni baridi.

Kulipokucha tukakuta msalaba wa chaki
tumboni mwa ndege namba tatu.
Na msalaba mwingine, mdogo, nadhifu,
kwenye mkoba wangu,
mkoba ambao sikuuvua mgongoni usiku kucha.

Kapteni akatandaza ramani. "Ulipitia wapi?"
Taavetti hakuigusa.
"Mtaro huu tuliuchimba mimi na baba
mwaka ule meno yangu ya utoto yaling'oka.
Ulitoa maji kwenye viazi.
Nyie mmeuchora mwembamba,
basi mkaamini ni mwembamba."
Akaomba sukari zaidi kwenye kahawa yake.
"Na namba tatu mmeiegesha jikoni kwetu.
Pale kwenye gurudumu la mbele, mama alikuwa na tanuri."

Kapteni akakohoa.
Iiro akaanza kuhesabu vifungo vya gwanda lake.
"Serikali ililipa," mzee akasema, "ililipa vizuri, sina neno.
Ila mtu huuza shamba,
hauzi miguu iliyolizoea."

Mchana sajini akanipa koleo,
akanituma na yule yule adui wa jana
kwenda kuuziba mtaro kwa wavu wa chuma.
Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Taavetti alipiga goti, likalia,
akaingia mtaroni nusu mwili,
akapima nafasi ya nondo na nondo
kwa mabega yake mwenyewe.
"Punguza," akasema. "Hapa bado napita."
Nikapunguza.
"Punguza tena. Nina mpwa, mwembamba kama uzi."

Kisha akavaa miwani ya kuchomelea,
na cheche zikaruka juu ya theluji, zikazima, zikaruka.
Mimi nilimshikia nondo.
Juu yetu ndege zilipaa, moja, ya pili, sijui ya ngapi.
Nilikuwa naitazama mikono yake.